Kupunga Upepo Pwani Ukitokea Dodoma: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Dodoma hatuna shida ya upepo. Ikifika Juni unavuma kutwa nzima, unaleta vumbi hadi kwenye chai, na hakuna mtu wa mitaa ya Kisasa wala Chang'ombe anayefunga mlango wake akasema anakwenda kuupunga. Upepo wa kupunga uko pwani, na tangu treni ya umeme ianze kufika kwetu Julai 2024, unaufikia ndani ya nusu siku.

Ila wengi wanaokwenda hurudi na malalamiko yaleyale. Jua lilikuwa kali. Maji yalijaa mpaka hapakuwa na pa kukanyaga, au yalikuwa yameenda mbali na kuacha matope na harufu. Picha ya jua likizama baharini haikupatikana. Karibu yote hayo yana sababu moja: safari imepangwa kwa orodha ya mahali pa kwenda, wakati matembezi ya pwani hupangwa kwa maji na jua. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na ushee, na kila siku ratiba nzima inachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kukusifia ufukwe aliouona saa 11 jioni, wewe ukaenda wiki ijayo saa ileile ukakuta hakuna ufukwe.

Watu wa pwani wanayajua haya bila kufundishwa. Sisi wa bara tunahitaji kanuni, nayo ni hii: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvu, yaani yanajaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Dar es Salaam na mjini Unguja, siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu: yanajaa kidogo, yanakupwa kidogo, na saa zimegeuka, kwa hiyo kujaa kunaangukia asubuhi ya saa 4 na kupwa jioni ya saa 10.

Kama kalenda yako ya ukutani ina tarehe za Kiislamu, umemaliza kazi. Tarehe 1 na 15, au siku moja mbili baadaye, ni bamvu. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu. Siku za katikati unaongeza dakika 50 kwa kila siku. Mfano: siku tatu baada ya mwezi mpevu, maji ya jioni hayajai saa 10 tena, yanajaa kama saa 12 na nusu. Na kama huna kalenda hiyo, toka nje usiku uangalie juu. Anga la Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka halina mawingu ya kukuficha mwezi.

Sasa unachagua. Unataka kutembea mchangani jioni, viatu mkononi? Nenda siku za maji mafu, wakati maji yako chini na mchanga umebaki mpana. Unataka kutembea kando ya ukuta wa bahari, mawimbi yakigonga chini yako? Nenda siku za bamvu, uwepo hapo kuanzia saa 9 na nusu. Kwa ufupi: mchangani tafuta maji yaliyokupwa, ukutani tafuta yaliyojaa. Ukikumbuka hilo tu, umewapita nusu ya wageni.

Hatua ya 2: Msimu

Masika ya Machi hadi Mei yaepuke kama unaweza. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto lake ni zito, lakini ndizo likizo za wengi na hakuna la kufanya. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa imepoa, jioni zinapendeza, ila bahari inachafuka na wanaovuka kwenda Unguja hutapika. Mimi ningechagua Julai. Dodoma usiku kuna baridi ya sweta, na pwani unatembea na shati la mikono mifupi.

Hatua ya 3: Kukata tiketi, na kwa nini Ijumaa ni balaa

Treni ya kawaida kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam hutumia kama saa nne, ya haraka inapungua hapo. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa kati ya miaka 4 na 12. Hakiki ya sasa kabla hujapanga bajeti. Kitambulisho usikiache.

Ijumaa alasiri mabehewa yanajaa watumishi wa serikali wa Mtumba wanaokwenda kuona familia zao Dar, na Jumapili jioni haohao wanarudi. Bunge likiwa linakaa, ongeza na msafara wa huko. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, ondoka Jumanne au Jumatano asubuhi. Kaa dirishani kama unapenda kutazama: baada ya mbuga kavu na mibuyu yetu utaingia kwenye mahandaki ya Kilosa, ukitoka unaona ardhi imegeuka kijani, na Morogoro milima ya Uluguru inasimama pembeni. Ukitaka basi, lipo, kutoka stendi kuu ya Nanenane hadi Mbezi, lakini ukishuka Mbezi bado una safari nyingine ya kuingia mjini, na foleni ya Barabara ya Morogoro haijui kuwa uko likizo.

Hatua ya 4: Mzigo

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jasho la hapa linakauka kabla hujaliona. La pwani halikauki, linakaa. Kwa hiyo jinzi zibaki kabatini. Beba suruali nyepesi au kaptula ya magotini, magauni mapana, kanga mbili (moja ya kujifunga, moja ya kukalia), kofia ambayo upepo hauwezi kuiondoa, na ndala za kamba zinazoshika mguu. Wanaume, kikoi ni vazi la heshima pwani, hakuna atakayekushangaa.

Beba pia chupa ya maji, mfuko usiopitisha maji wa kufungia simu, na noti ndogondogo. Muuza mihogo hana chenji ya elfu kumi saa 10 jioni.

Na kama utafikia kwa ndugu, usiingie mikono mitupu. Boksi la zabibu la Dodoma linafungua milango Temeke kuliko salamu yoyote. Zipange juu ya mzigo, si chini, na usizioshe kabla ya safari, zitaoza njiani. Zikiwa hazina msimu, ubuyu na karanga vinatosha kabisa.

Hatua ya 5: Chagua njia yako

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusikimbie.

Njia ya asubuhi, Dar es Salaam. Jambo ambalo wageni wengi hawalipimi: ufukwe wa Dar unatazama mashariki. Jua linatoka baharini, halizami baharini. Ukienda Coco Beach jioni ukisubiri jua lizame majini, utalisubiri upande usio wake, maana linazama nyuma yako, juu ya nyumba za Oysterbay. Anayetaka jua na bahari pamoja Dar aamke mapema. Julai linachomoza karibu saa 12 na nusu, Desemba karibu saa 12.

Anzia Feri, Kivukoni. Soko la samaki linaanza kuchangamka alfajiri na mnada ni tamasha tosha: changu, kolekole, nguru, vibua kwenye ndoo, pweza wamelazwa kwenye saruji wakipigwa ili walainike. Kwa mtu aliyezoea perege na kambale wa Mtera, ni kama kufunguliwa kabati la jirani. Simama pembeni, acha njia kwa wabebaji; wakisema "maji moto" wana mzigo na hawasimami. Sakafu inateleza, ndiyo maana nikasema ndala zinazoshika mguu.

Ukitoka sokoni shika Barabara ya Barack Obama, ile wakongwe wanaiita Ocean Road; ilibadilishwa jina mwaka 2013 rais huyo wa Marekani alipotembelea nchi. Kipande cha mwanzo kiko jirani na Ikulu. Hapo simu inakaa mfukoni, hupigi picha, husimamisimami, na askari akikuambia uzungukie barabara nyingine, unazunguka bila mjadala. Ukishapita, bahari inabaki kulia kwako muda wote, minazi na mivinje inakupa kivuli cha vipandevipande, na mbele yako wapo wakimbiaji wa asubuhi na mashua zinazorudi. Utapita hospitali ya saratani ya Ocean Road, jengo la tangu enzi za Wajerumani, kisha utaikaribia hospitali ya Aga Khan.

Karibu na hapo linaanza Daraja la Tanzanite. Lilifunguliwa Machi 2022, lina urefu wa kilomita 1 na kidogo, na limepita juu ya bahari yenyewe, likiwa na njia ya waenda kwa miguu. Hii ndiyo sehemu bora ya matembezi yote, na ukilivuka kwa gari hupati kitu. Kwa miguu unaona maji yakibadilika rangi chini yako, ya udongo karibu na mto Msimbazi unapoingilia, ya buluu nje zaidi. Fika hapo kabla ya saa 2 asubuhi, maana juu ya daraja hakuna mti. Shika njia yako ya pembeni, mtoto mshike mkono upande wa mbali na magari.

Ukishuka upande wa pili unaelekea Barabara ya Toure na Coco Beach. Kutoka Feri hadi hapo, kwa mwendo wa likizo, tenga kama saa mbili. Ukichoka katikati, bajaji zipo. Hakuna anayekupa cheti kwa kumaliza.

Njia ya jioni, Dar es Salaam. Kama huwezi kuamka, nenda Coco moja kwa moja kuanzia saa 10, siku za katikati ya wiki. Jumapili na sikukuu za Idd na Krismasi pale hapatembeleki, panasukumanwa, ingawa kuna watu wanafuata hasa huo msukumano na siwalaumu. Anayetaka kuona jua likizama majini bila kuvuka bahari aende Slipway, upande wa ndani wa rasi ya Msasani, kwa sababu pale ufuko unatazama magharibi kwenye ghuba.

Njia ya Unguja. Boti ya kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Tiketi kata dirishani au mtandaoni kwa kampuni yenyewe. Wale vijana wanaokukimbilia getini na kukuita "bosi" achana nao. Mji Mkongwe unatazama magharibi, kwa hiyo hapa jioni ndiyo yako. Fika Forodhani saa 9 na nusu ikiwa ni siku za bamvu. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ina ukuta mrefu wa bahari, na maji yakijaa, vijana wa mjini wanakuja kupiga mbizi: mmoja anarudi nyuma hatua kumi, anakimbia, anaruka, anajikunja hewani, na kabla hajaibuka mwingine keshatoka ukutani. Ni burudani ya bure. Tembea ukifuata ukuta kuelekea bandarini kupitia barabara ya Mizingani, ukiacha Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib upande wa kulia. Sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usipite ndani ya uzio kutafuta picha.

Maji yakiwa yamekupwa, Forodhani inabaki kuwa bustani nzuri, lakini chini ya ukuta ni matope na mashua zilizoegemea ubavu. Ndiyo maana niliyasema ya mwezi mwanzoni.

Na kama unachotamani ni njia ya mbao hasa, ile inayolia chini ya miguu, ipo Jozani, katikati ya Unguja. Njia hiyo imejengwa juu ya mikoko, mnatembea na muongozaji, maji yakipanda na kushuka chini ya mbao, kaa wakikimbilia mashimo yao. Msitu huohuo ndio makazi ya kima punju, ambao wanakaa karibu na watu bila wasiwasi. Usiwape chakula.

Hatua ya 6: Namna ya kutembea

Mtu wa Dodoma ana mwendo wa kuwahi. Tumezoea umbali mrefu na jua lisilo na kivuli, kwa hiyo tunatembea ili tufike. Pwani punguza. Hewa yenye unyevu inachosha kuliko unavyodhani, na ukienda kasi utakuwa umelowa shati kabla ya nusu ya njia. Tembea robo saa, kaa kwenye ukuta, kunywa maji, inuka.

Mchangani, tembea pale ambapo wimbi limetoka kupita: mchanga umeshikamana na mguu hauzami. Mchanga mkavu wa juu unaumiza mashavu ya miguu. Coco ina mawe ya matumbawe yenye ncha kali, usiyapande peku, na sehemu zenye maji angalia wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mwiba wake ukikuingia ni wa kutolewa zahanati. Kuoga ni hadithi nyingine. Kama hujui kuogelea, maji yasipite magoti, hata kama watoto wa hapo wanacheza ndani zaidi. Wao wameijua bahari hiyo tangu wadogo. Wewe umejulia mambo yako Bwawa la Hombolo, na hata huko ulikuwa ukingoni.

Ukiweka vitu chini, viweke juu ya alama ya mwisho ya majani makavu ya baharini. Mstari ule unaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho.

Hatua ya 7: Kula ukitembea

Coco ni mihogo. Inakaangwa mbele yako, inapasuliwa, inatiwa chumvi, pilipili ya kusaga na kachumbari. Omba ya moto, usikubali iliyokaa pembeni imesinyaa. Kula kwanza, mishikaki baadaye.

Dafu lina utaratibu wake. Muuzaji atakuuliza, au umwambie mapema: la maji au la nyama. La maji ni changa, tamu, ndani karibu tupu. La nyama limeanza kukomaa. Analichonga juu kwa panga mapigo matatu manne, anafungua tundu, unakunywa. Ukimaliza usilitupe: mrudishie, alipasue katikati, akuchongee kijiko kwa kipande cha ganda lake, ukwangue nyama nyeupe laini. Wageni wengi huondoka wakiacha nusu ya walicholipia.

Forodhani usiku ni urojo, pizza ya Zanzibar, na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Mishikaki ya samaki na kamba inapangwa vizuri sana chini ya taa, lakini uliza bei kabla ya kushika sahani, na uliza kama ni ya leo. Muuzaji mkweli hachukii swali hilo.

Hatua ya 8: Adabu na usalama

Salimia kwanza, nunua baadaye. Kwa mzee ni shikamoo, na Unguja "asalaam aleikum" ukiiweza. Mbukwenyi yako iache Dodoma, ingawa usishangae ukajibiwa, Wagogo tuko kila mahali. Unguja nguo ya kuogea inaishia ufukweni, mjini funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana, hata kama hufungi. Picha za watu, hasa akina mama na wavuvi kazini, omba ruhusa.

Simu usiishike ukingoni mwa barabara. Wapo wanaopita na pikipiki na kunyakua. Giza likiingia ondoka kwenye ufukwe usio na taa, hata kama wenyeji wawili watatu bado wamekaa.

Hatua ya 9: Kurudi

Kabla hujapanda treni, osha ndala kwa maji baridi na futa simu na miwani kwa kitambaa chenye maji kidogo. Chumvi ya bahari haionekani, lakini inakula zipu, saa na tundu la chaji. Nguo zilizolowa usizifungie kwenye nailoni hadi Dodoma.

Samaki watakushawishi, najua. Wabichi achana nao usipokuwa na ndoo ya barafu inayofungwa vizuri. Nunua waliokaangwa pale Feri asubuhi ya safari, waache wapoe kabisa wakiwa wazi, ndipo uwafunge kwa magazeti kisha mfuko. Ukiwafunga wa moto wanatoa maji na kuharibika kabla ya Morogoro. Pweza mkavu na dagaa funga mara tatu. Jirani yako wa kiti cha pili naye amelipa nauli kama wewe, na madirisha ya treni hiyo hayafunguki.